Arius hakukana kuwapo kwa Kristo kabla ya Bethlehemu

Mnadai kwamba Arius, padre wa Aleksandria wa karne ya nne, alifundisha kwamba Yesu alianza kuwapo alipozaliwa na Mariamu. Hapana, hakufundisha hivyo. Katika barua yake kwa Eusebius, askofu wa Nikomedia, ambayo Theodoret na Epiphanius, waandishi wa Kikristo wa kale, wameihifadhi, anasema wazi kwamba Mwana alikuwapo kabla ya nyakati na kabla ya zama zote. Alichokataa ni kwamba Mwana ni wa milele pamoja na Baba, na ndiyo maana Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325 uliwalaani wanaosema kwamba palikuwa na wakati ambapo Mwana hakuwapo. Fundisho mnalomsingizia linamfaa zaidi Photinus, askofu wa Sirmium aliyeondolewa madarakani mwaka 351, na baadaye Wasosini wa Poland, Wakristo waliokana Utatu, ambao hata Yohana 1:1 waliisoma kuwa inahusu mwanzo wa Injili, si mwanzo wa ulimwengu (tafsiri ambayo, kwa maoni yangu, Yohana 17:5, ambapo Yesu anataja utukufu aliokuwa nao kwa Baba kabla ya ulimwengu kuwapo, inaikwamisha). Izingatiwe tu kwamba maandishi mengi ya Arius yamepotea, na tuliyo nayo yametufikia kupitia vitabu vya wapinzani wake.