Maswali ya wasomaji: Mbps 20 nalipia, mbona naona 2 tu?

Shikamoo. Tuko wanne hapa Morogoro, tumefunga intaneti ya Mbps 20 na kila mwezi tunachanga. Nikishusha faili kompyuta inaonyesha MB 2.3, haizidi hapo. Fundi anasema ndo kawaida. Tunaibiwa?

Marahaba. Hapana, hapo fundi kasema kweli, ila angewaelezea basi maana hili swali naletewa sana na linawaumiza watu bure. Anayekuuzia intaneti anahesabu biti, kompyuta yako inahesabu baiti, na baiti moja ni biti 8. Kwahiyo 20 gawanya kwa 8 unapata MB 2.5 kwa sekunde. Angalia ile herufi, b ndogo ni biti, B kubwa ni baiti.

Na hiyo 0.2 iliyobaki imeenda wapi? Faili haisafiri nzima, inakatwa vipande vinaitwa paketi na kwenye mitandao mingi paketi moja haizidi baiti 1500. Ndani ya hizo, kama 40 hivi si mzigo wako, ni maelezo ya safari: anwani ya inakotoka, anwani ya inakokwenda, namba ya mfuatano ili zikifika shaghalabaghala zipangwe upya na iliyopotea iombwe tena. Picha ya MB 3 tu ni paketi zaidi ya 2,000, na kila moja imebeba maelezo yake. Waifai nayo inakula kidogo. Mkishusha vitu wote wanne kwa wakati mmoja basi gawanyeni hiyo 2.5 kwa nne, msigombane.

Habari mtaalamu. Nikipima spidi napata 30, YouTube inaenda fresh kabisa, ila nikimpigia mjomba video Muscat sauti inakatakata mpaka tunakata tamaa. Shida nini?

Nzuri ndugu yangu. Shida ni kwamba tumezoea kusema "spidi" kama kitu kimoja wakati ni viwili, kuna upana na kuna muda wa safari. Pantoni ya Kigamboni ukiifanya kubwa itabeba magari mengi zaidi kwa mpigo, lakini wewe uliyemo ndani dakika za kuvuka ni zilezile. Hiyo 30 yako ni ukubwa wa pantoni.

YouTube inahitaji upana tu, inajaza video ya mbele huku wewe unatazama ya sasa hivi, mtandao ukiyumba kidogo hata huoni. Simu haina hiyo nafasi, huwezi kujaza mapema maneno ambayo mjomba hajayasema. Na kwenye simu paketi ya sauti ikipotea kwa kawaida haiombwi tena, maana ikija imechelewa haina kazi, ndo unasikia pengo.

Sasa fanya hivi. Fungua ile skrini nyeusi ya amri kwenye kompyuta (kwenye Windows inaitwa Command Prompt), andika ping 192.168.1.1 (rauta nyingi zinatumia hiyo, nyingine 192.168.0.1), halafu andika ping 8.8.8.8 (hiyo ni kompyuta ya Google huko nje mtandaoni) na uangalie zile namba za ms, yaani milisekunde ambazo paketi imetumia kwenda na kurudi. Zikiwa 40, 42, 41 uko salama. Zikiwa 40, 310, 95 na nyingine hazirudi kabisa, hapo ndo sauti inakufa. Kama zinaruka hata kwa rauta yako mwenyewe basi ugonjwa uko ndani ya nyumba, sogea karibu na rauta au tumia waya. Kama kwa rauta ziko poa ila kwa ya pili zinaruka, cheki kwanza kama kuna simu hapo ndani inapandisha picha na video zake kwenye hifadhi ya mtandaoni, ikijaza njia ya kupandishia sauti yako inasubiri foleni. Hakuna? Basi mpigie anayekuuzia na umsomee hizo namba, usimwambie tu "mtandao mbovu".

Mei 2024 intaneti ilivyozingua wakasema kebo zimekatika baharini. Si tulifundishwa kwamba njia moja ikikatika data inapita nyingine?

Mlifundishwa sawa. Wazo la kukata ujumbe vipande na kuupitisha kwenye mtandao wenye njia nyingi mhandisi Paul Baran alikuwa nalo miaka ya 1960 mwanzoni kule Marekani, na rauta za leo kweli zinatafuta njia nyingine zenyewe. Lakini njia nyingine lazima iwepo, tena iwe na nafasi. Tarehe 12 Mei 2024 zilikatika kebo mbili za baharini, EASSy na SEACOM, kwa pamoja, upande wa kusini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na huku kaskazini Bahari ya Shamu kebo kadhaa zilishaumia tangu Februari. Mzigo wote ukakimbilia njia chache zilizobaki, foleni kwenye rauta zikajaa, na rauta ikijaa inatupa paketi. Ndo maana kwa wengi ilikuwa inazunguka tu bila kufungua.

Ikitokea tena jaribu tovuti ambayo seva yake (kompyuta inayoitunza) iko hapahapa nchini. Mitandao ya ndani inakutana kwenye vituo vya kubadilishana kama TIX ya Dar au KIXP ya Nairobi, paketi hazigusi bahari, kwahiyo hiyo inaweza kufunguka vizuri tu wakati ya Ulaya imegoma.