Anatanda, Hafumi: Maswali Yenu Kuhusu Buibui

Mwanangu aliandika kwenye insha "buibui anasuka nyumba yake". Mwalimu kamkosoa. Kosa liko wapi?

Mwalimu yuko sahihi, ingawa mtoto ameeleweka. Tunasuka ukili na nywele, nguo hufumwa, buibui hutanda utando. Mfumi naye huanza kwa kutanda: nyuzi za urefu, yaani mtande, zinavutwa zikaze. Kisha hupitisha mshindio kwa upana, juu ya uzi mmoja, chini ya unaofuata. Sasa tazama utando wenye umande asubuhi. Kuna nyuzi zinazotoka katikati kama spoki za baiskeli, halafu uzi unaozizunguka. Huo wa mzunguko haupiti juu na chini. Umegandishwa tu kila unapokutana na spoki. Kwa hiyo hata "anafuma" ni ushairi. Siukatazi.

Bibi husema "utandabui". Ni kitu kingine?

Ni kilekile. Bibi ana Kiswahili kizuri.

Mbona buibui hanasi kwenye mtego wake?

Gundi iko kwenye uzi wa mzunguko. Spoki ni kavu, na ndizo anazokanyaga zaidi. Akigusa penye gundi, vinyweleo vya miguu humsaidia kujinasua.

Ni kweli kuna nguo ya nyuzi za buibui?

Kweli, ila haikutokana na utando. Ule una gundi na vumbi, haufumiki. Huko Madagaska, Simon Peers, mtaalamu wa vitambaa, na mshirika wake Nicholas Godley waliajiri watu wa kukamata buibui jike, zaidi ya milioni moja. Buibui hao walifungwa 24 kwa mpigo kwenye kifaa cha kuzungushwa kwa mkono, uzi ukavutwa kutoka tumboni, kisha wakaachiliwa. Ndani ya tumbo uzi huo ni majimaji. Huwa mgumu kadiri unavyovutwa. Kitambaa kilioneshwa New York mwaka 2009, na joho likaoneshwa London mwaka 2012. Umanjano wake wa dhahabu ni wa buibui mwenyewe, hakuna rangi iliyotiwa. Kariakoo usiulize.

Niko Kisumu. Buibui wa ukutani kwangu hatandi chochote, anarukaruka tu. Anaumwa?

Mzima kabisa. Hao huwinda kwa macho. Uzi kwao ni kamba ya kujishikiza wanaporuka. Kandokando ya Ziwa Victoria, Kenya na Uganda, yupo mmoja aitwaye *Evarcha culicivora*, ambaye hupendelea mbu jike aliyekwisha kushiba damu. Huenda wako ndiye, huenda siye. Vyovyote vile, fagio liweke mbali.