Pamba Yakatika Mkononi

SWALI: Shikamoo Shangazi. Sufu ya kondoo naisokota vizuri kwa kijiti cha kuning'iniza. Nikishika pamba, uzi wakatika. Nifanyeje?
Msomaji, Shela, Lamu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Unywele wa sufu ni mrefu, una magamba madogo yanayoshikana. Wa pamba ni mfupi, kama sentimita 2 au 3, tena unateleza. Uzito wa kijiti kinachoning'inia huukata uzi kabla haujakaza. Tafuta kijiti chepesi, ncha yake ikae ndani ya bakuli, ukizungushe kwa vidole. Vuta pamba kidogo kidogo na uisokote zaidi kuliko sufu. Usikate tamaa, pamba ndiyo nguo ya joto letu!