Kurejesha nakala ya Windows kwenye kompyuta ya aina nyingine
Ndugu yangu wa Mafinga, skrini ya bluu yenye namba 0x7B uliyoiona baada ya kurejesha nakala ya kompyuta ya dukani kwenye kompyuta nyingine haimaanishi kwamba nakala imeharibika. Mara nyingi maana yake ni kwamba Windows imekosa draiva (programu ndogo inayoiwezesha kuwasiliana na kifaa) ya kuisoma diski katika kompyuta hiyo mpya. Ingia kwenye BIOS (mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla Windows haijawaka) ya kompyuta mpya uangalie mpangilio wa SATA, yaani njia inayounganisha diski na kompyuta. AHCI na RAID ni namna mbili za kuiendesha njia hiyo: kama kompyuta ya zamani ilitumia AHCI na mpya ipo kwenye RAID, ibadilishe iwe AHCI, kisha uiwashe upya. Pia, leseni ya Windows iliyokuja na kompyuta ya kwanza kwa kawaida haihamii kwenye nyingine. Nakusihi sana, usiifute diski ya zamani kabla hujalifungua faili la mauzo ya duka kwenye kompyuta mpya na kulihakiki lote.