Barua kwa mwanangu: wale ndugu wa tai za dhahabu shingoni

Mwanangu mpendwa,

Meseji yako niliisoma nikiwa nimetoka zamu ya usiku, nikasema hii ngoja nilale kwanza niijibu vizuri, manake sio ya kujibu kwa mstari mmoja. Umeniuliza, mama, mwenzangu wa kazini ananikaribisha Alpha Phi Alpha, ile fraterniti, yaani chama cha undugu kilichoanzishwa na wanafunzi weusi wa chuo, lakini mimi chuo nilishamaliza, nina mke nina mtoto, hayo si mambo ya wanafunzi, watu wazima wanatafuta nini mule, na eti ni kweli tawi lao la kwanza la waliokwisha kumaliza chuo lilianzia hapo hapo Louisville, Kentucky?

Ni kweli baba. Tawi linaitwa Alpha Lambda, lilipewa hati yake tarehe 11 Aprili 1911, na mpaka leo lipo.

Fraterniti yenyewe ilizaliwa chuo cha Cornell, kule Ithaca jimbo la New York, tarehe 4 Desemba 1906, vijana saba weusi. Kabla yao walikuwepo wanafunzi weusi sita pale, mwaka ukaisha na wote sita hawakurudi tena. Wote. Basi waliofuata wakashikwa na hofu, wakaanza kukutana jioni wasome pamoja wasije wakapotea na wao, na kuna waliokuwa wanajilipia kwa kuhudumu mezani kwenye nyumba za fraterniti za wazungu, yaani unapeleka sahani, unasafisha meza, unaona wenzako wanavyobebana, na wewe huna pa kukaa. Mmoja wa wale saba, Vertner Tandy, ni mtoto wa Lexington, hapa hapa Kentucky. Na usione ajabu mtoto wa Kentucky kwenda kusoma mbali hivyo, manake mwaka 1904 jimbo hili lilipitisha sheria kwamba mweusi na mzungu wasikae darasa moja, hata kwenye chuo cha binafsi kilichokuwa kinawapokea wote, na 1908 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema sheria hiyo ni sawa.

Mwingine wa wale saba, Eugene Kinckle Jones, alipomaliza Cornell alikuja hapa Louisville kuwa mwalimu, akafundisha Central High School, hiyo hiyo aliyokuja kusoma Muhammad Ali baadaye, halafu 1911 akaondoka kwenda New York kufanya kazi National Urban League, shirika la kutetea watu weusi wa mijini, akaja kuiongoza miaka mingi.

Sasa hapo ndipo jibu lako lilipo. Hebu fikiria mwanaume wa miaka ile, ana digrii ya chuo kikubwa, anarudi kwenye mji ambao hawezi kula hoteli anayotaka, wenzake aliokuwa anakesha nao kusoma wako majimbo mengine, ni yeye na diploma yake ukutani. Chuo ni miaka minne, ubaguzi haukuwa na mahafali. Kama undugu ungekuwa unaishia siku ya kuvua joho, ungemwacha mtu pale pale mzigo unapoanza kuwa mzito. Miaka mitatu tu baada ya tawi kuanza, 1914, mji huu ukapitisha sheria kwamba mweusi haruhusiwi kuhamia kwenye mtaa wenye wazungu wengi, watu wakaenda mahakamani mpaka ikafutwa 1917. Watu wazima wa hapa walikuwa na kazi ya kufanya pamoja, wala haikuwa ya darasani.

Sisi tunalijua hili jambo mbona. Kule Nyarugusu, kambini kwa wakimbizi Tanzania, tulikuwa na nini zaidi ya likelemba, ule mchango wa kupeana pesa kwa zamu, na chama cha kuzikana? Mtu akifiwa usiku, asubuhi turubai limeshafungwa, kuni zimefika, na hakuna aliyeulizwa umesoma mpaka darasa la ngapi. Hawa wenzetu walifanya hivyo hivyo wakaongezea shule mbele, wana kampeni yao ya tangu zamani ya kuwasukuma vijana wamalize sekondari waende chuo.

Na wewe ilikugusa, ila ulikuwa mdogo hukujua. Yule mzee jirani yetu, mwalimu mstaafu, aliyekuwa anakuja Jumamosi na kalamu zake mbili mfukoni kunisaidia kujaza zile fomu zako za msaada wa chuo, mimi Kiingereza changu cha kuokoteza, ananiuliza swali, ananingoja, ananiuliza tena kwa maneno mepesi, hakuwahi kuguna hata siku moja. Nilikuwa nampikia sombe, majani yetu ya muhogo, anakula anamaliza. Sikujua ni Alpha mpaka siku ya mazishi yake. Waliingia kanisani wanaume wengi, suti nyeusi na tai za dhahabu, vijana na vizee wenye fimbo, wakapanga mstari wakapita kwenye jeneza mmoja mmoja, wakasema ndugu yao hajafa, amehamia tawi la Omega, ndivyo wanavyowaita waliotangulia. Nililia kuliko nilivyolia kwa watu wengine wa damu yangu. Mjane wake nyumba ilijaa watu wiki nzima, nyasi zinakatwa, takataka zinatolewa, nikasema kumbe hawa ni watu wetu kabisa.

Kwa hiyo mimi nasema nenda, kaongee nao, uliza ada ni shilingi ngapi na mke wako ajue. Ila sikia, mtu yeyote akikuambia lazima upigwe au uteswe ndipo uingie, geuza gari urudi nyumbani, sheria zao wenyewe zimekataza hayo.

Ukija Novemba nitakupeleka Mtaa wa 10 ukaione ile maktaba ya Western, ilijengwa 1908 kwa ajili ya watu weusi na wafanyakazi wake walikuwa weusi, bado imesimama, ya matofali. Mlete na mtoto. Tukitoka hapo tutapita kwa mzee kaburini, mwezi uliopita niliweka maua lakini upepo wa huku unaujua.

Mama yako