"Haikuonekana" kati ya nakala ngapi? DNA ya uvimbe katika saratani ya mfupa

Jibu la maabara likisema DNA ya uvimbe haikuonekana kwenye damu, uliza kwanza: imetafutwa kati ya nakala ngapi? Damu mililita 10 hutoa plazma (majimaji ya damu yaliyotenganishwa na seli) mililita 4 hivi, na humo mara nyingi mna nanogramu 20 hadi 40 tu za DNA. Nanogramu moja ni nakala 300 hivi za jenomu (seti nzima ya DNA), kwa hiyo nanogramu 20 ni nakala 6,000. Kama ya uvimbe ni moja katika 10,000, huenda haimo kabisa kwenye tyubu, na hakuna mashine itakayoiona, iwe ya bei gani. Afadhali uongeze tyubu mbili za damu kuliko kubadilisha mashine.

Cha kutafuta hutegemea aina ya saratani. Kwenye sarkoma ya Ewing, aina mojawapo ya saratani ya mfupa, kazi ni nyepesi kidogo: kwa takriban asilimia 85 ya wagonjwa, jeni ya EWSR1 imeungana na FLI1, jambo lisiloonekana kwenye seli zenye afya. Ila DNA hukatika mahali tofauti kwa kila mgonjwa. Kipimo cha RNA huthibitisha muungano huo bila kuonyesha mahali hapo, hivyo DNA ya kipande cha uvimbe isomwe kwanza, ndipo praima (vipande vifupi vya DNA vya kulenga mahali hapo) za PCR, njia ya kunakili DNA ili ionekane, zitengenezwe kwa mgonjwa huyo.

Osteosarkoma, aina nyingine ya saratani ya mfupa, ni ngumu. Haina badiliko moja la kuitambulisha. Kromosomu zake zimevurugika tu, huku pameongezeka, kule pamepotea. Kusoma jenomu nzima juujuu huonyesha vurugu hiyo, lakini mchango wa uvimbe ukishuka chini ya asilimia 3 hivi, njia hii haioni kitu.

Mengi huharibikia kwenye damu yenyewe. Tumia tyubu ya EDTA (dawa ya kuzuia damu isigande), plazma itenganishwe ndani ya saa 4. Safari ikiwa ndefu, tumia tyubu yenye dawa ya kuhifadhi seli. Heparini, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, huzuia PCR. Seramu, majimaji ya damu iliyoganda, usiiguse: damu ikiganda, chembe nyeupe hupasuka na DNA yao huimeza ile ya uvimbe. Zungusha kwenye sentrifuji kwa 1,600 g (mara 1,600 ya nguvu ya uvutano) dakika 10, nyonya plazma bila kukaribia tabaka jeupe la chembe nyeupe, zungusha tena kwa 16,000 g dakika 10, kisha gandisha kwa nyuzi -80. Vipande vizuri vya DNA vina urefu wa herufi 166 hivi. Ukiona vya maelfu, sampuli imechafuka. Tabaka jeupe lihifadhiwe pia, kwa kuwa badiliko la jeni ya TP53 linaweza kutoka kwenye chembe za damu zenyewe.

Sampuli ya kwanza ichukuliwe kabla ya kemotherapi, maana bila hiyo hakuna cha kulinganisha. Baada ya upasuaji subiri wiki kadhaa. Kidonda kinachopona humwaga DNA ya kawaida na kupunguza uwiano. Kiwango cha DNA ya uvimbe kikipanda, rudia kwa damu mpya, na CT (picha ya eksirei ya tabaka kwa tabaka) ya kifua isisubiri marudio hayo. Hata jibu safi lisiahirishe CT: vinundu vidogo vya saratani mapafuni hutoa DNA kidogo mno.