Benz 911 ya baba: kufufua injini au kubadilisha?

Ndugu, umeuliza kama injini ya lori la Benz 911 la marehemu baba yako, inayotoa moshi wa buluu na kumaliza oili, ifufuliwe au ununue iliyotumika kutoka Kisekka, soko la vipuri vya magari jijini Kampala. Moshi wa buluu unaonyesha oili inaungua, lakini hauthibitishi kwamba bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, imekufa. Chanzo chaweza kuwa ringi za pistoni zilizochakaa au sili za valvu tu. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, fundi apime mgandamizo wa kila silinda, kisha injini ifunguliwe, silinda na kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni) zipimwe kwa mikromita. Iwapo bloku haina ufa na kranki bado inaweza kusagwa, mimi ningeifufua, kwa kuwa OM352, injini ya asili ya lori hilo, ya silinda sita na lita 5.7, ilijengwa kuvumilia kazi hiyo. Injini ya sokoni huijui historia yake, na ikiwa ya aina nyingine utalazimika kubadilisha vishikizo, klachi, pengine hata gia boksi. Namba yake nayo itatofautiana na iliyoandikwa kwenye kadi ya gari.